Nilivyomfundisha Nabiha Ubosi

Sehemu ya Sita

Ujumbe wenu nimeusoma wote. Msomaji mmoja wa Likoni ameniandikia kwamba mwanamke aliyetendwa na mume kama nilivyotendwa mimi anastahili kuonewa huruma. Ahsante sana, ndugu yangu. Lakini maliza kwanza ya leo, kisha uangalie kama huruma hiyo bado unayo.

Kwa aliyechelewa: naitwa Mejumaa, Mgiriama wa Kaloleni, karani mkuu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu Moi Avenue, ghorofa ya pili. Mume wangu Ronny alinihama akahamia kwa Ashley, yule yule niliyemsimamia harusi yake. Mimi nikabaki Tudor na nyumba ya kupanga na kitanda kipana kisicho na mtu. Kilichonibakia ni kazi, na kazini nilikuwa na tumaini moja tu. Bosi wetu, Bwana Kyalo, alikuwa anastaafu, na kiti chake cha umeneja kilikuwa kinatafuta mtu.

Miaka kumi na miwili nilikaa hatua nne kutoka kwenye kiti kile. Nilijua ni changu.

Sasa nisikilizeni. Kulikuwa na Nabiha.

Nabiha alikuja kwetu miaka mitatu iliyopita kujifunza kazi. Binti wa Mji wa Kale, mpole, sauti ya chini, buibui limepigwa pasi hata siku ya mvua. Aliyemfundisha ni mimi. Nilimwonyesha makaratasi ya forodha, nikamwonyesha mtu gani wa bandari umsalimie kwa heshima na yupi umkazie macho, nikamwonyesha hata mama anayeuza viazi karai vya maana. Aliniita Dada Mejumaa. Nami nilimpenda, nasema kweli, nilimpenda.

Kisha wateja wakaanza kumuulizia yeye.

"Yule binti yuko wapi?" wanauliza, na mimi nimekaa pale pale mbele ya macho yao.

Hata Dishon, tarishi wetu, chai ya saa nne akaanza kuipeleka kwa Nabiha kwanza. Mnacheka? Chekeni. Kaeni miaka kumi na miwili mkiletewa chai ya kwanza, kisha siku moja mletewe ya pili, halafu mje tuzungumze.

Na Bwana Kyalo, aliyezoea kuniita mkono wake wa kulia, siku moja nikamsikia akimwambia mgeni, "Huyu Nabiha ana nyota."

Nilikuwa naandika barua. Sikuimaliza. Nilikwenda chooni nikajifungia, nikalia kwa wivu kama mke wa kwanza aliyeletewa mwenziwe.

*

Kampuni yetu ilikuwa imenunuliwa na wakubwa wa Nairobi, nao wakaja na mambo yao. Anayetaka umeneja, wakasema, atahojiwa kwa Kiingereza. Na si kile Kiingereza chetu cha kumwambia mteja kontena lako limefika. Kiingereza cha uongozi.

Wakatuma kijitabu cha buluu, kimoja tu, kimejaa aina za mabosi. Kuna bosi "autocratic", anayeamua peke yake na wengine watii. Kuna bosi "participative", anayekaa na watu wake wakashauriana. Kuna "delegate", kumkabidhi mtu kazi ukamwamini nayo. Kuna "coach", kumlea mfanyakazi mpaka awe hodari. Na "feedback", kumwambia mtu kazi yake ilivyo bila kumvunja moyo.

Bwana Kyalo akanikabidhi mimi kijitabu hicho. "Mejumaa, yeyote atakayeomba kazi hii mtolee fotokopi. Wewe mwenyewe utaomba?"

"Nitafikiria, bosi."

Nilikuwa nimeshatuma maombi yangu tangu asubuhi.

Mchana huo Nabiha akaja mezani kwangu, anashikashika ncha ya mtandio wake.

"Dada Mejumaa, usinicheke. Nataka kuomba ile kazi. Najua kwa haki ni yako wewe. Wewe umeomba?"

"Mimi?" Nikacheka. "Mdogo wangu, mimi na Kiingereza cha Nairobi wapi na wapi? Nishakuwa mtu mzima. Omba wewe."

"Basi nifundishe. Wallahi sina mwalimu mwingine."

Ningeweza kusema shetani alinipitia. Hapana, nisimsingizie. Alikuwa na shughuli zake mahali pengine siku hiyo. Ni mimi.

Nilikichukua kile kijitabu nikaenda kwenye mashine ya fotokopi. Nikafika ukurasa wa kumi na nne, nikasimama.

Ukurasa ule wakubwa walikuwa wameandika waziwazi wanamtaka nani. Wanamtaka meneja anayesikiliza, anayeuliza watu wake, anayekabidhi kazi, anayekubali akikosea. Na chini yake, kwa herufi nzito, wasiyemtaka: bosi wa amri.

Ukurasa huo nikauruka, na wa kumi na tano nyuma yake. Nikaukata kabisa kwa wembe, nikaukunja mara nne, nikautia mkobani.

"Dada," Nabiha akaniuliza kesho yake, "mbona kutoka kumi na tatu naona kumi na sita?"

"Matangazo tu yale. Nimekuokolea karatasi."

"Ahsante, dada."

Ahsante! Akanishukuru!

*

Somo letu lilikuwa saa saba mchana, kwenye chumba cha mafaili, wiki sita mfululizo.

"Wakikuuliza wewe ni kiongozi wa aina gani, utajibu nini?" nikamuuliza.

"Participative?"

"Thubutu! Ukisema hivyo watakuona huna msimamo, kila kitu mpaka uitishe mkutano. Hii ni bandari, Nabiha. Makuli, madereva, mawakala, wote ni watu wa kelele. Nairobi wanataka mtu wa chuma. Sema autocratic."

"Lakini kwenye simu nimesoma kwamba bosi wa namna hiyo watu hawampendi."

"Simu imewahi kushinda juani Shimanzi ikingoja lori?"

Akacheka. "Haijawahi."

"Basi nisikilize mimi niliyeshinda."

Pembeni mwa zile fotokopi nikamwandikia majibu kwa kalamu yangu mwenyewe, Kiingereza safi. Waambie hushauriani na mtu. Waambie aliyekosea unamfukuza siku hiyo hiyo. Waambie kazi ya mfanyakazi ni kutii. Kila ukurasa niliujaza. Kwa bidii ile niliyoitia, ningekuwa namtakia mema angeshinda bila ya kupingwa.

Siku moja nikamwambia, "Mjaribie Dishon."

Dishon akaitwa. Nabiha akainua kidevu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye haelezi bali anaamuru, na faili zile azilete sasa hivi.

Dishon akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Dada Mejumaa, huyu ameamka salama?"

Nabiha akaangua kicheko, akajifunika uso kwa mtandio. "Nisamehe, Dishon, nisamehe! Ni masomo."

"Bosi haombi msamaha!" nikamkaripia, nikamwandikia na hilo pembeni.

Kesho yake akamletea Dishon sambusa sita kwenye kibweta. Mtu mzima, sambusa sita, kwa ajili ya neno moja la mzaha. Mimi sikuletewa hata moja, na hilo nalo niliweka moyoni.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa akishika haraka. Kiingereza chake kilinipita mbali. Neno mimi nililolitafuna wiki nzima yeye alilitamka mara moja likakaa. Jioni nikifika Tudor nautoa ule ukurasa wa kumi na nne, naubandika kwenye kioo, nasimama na kanga yangu kifuani: mimi husikiliza watu wangu, mimi hukabidhi kazi, mimi hukubali nikikosea. Naurudia mpaka jirani anagonga ukuta.

*

Mahojiano yalikuwa Jumatatu. Jumapili, Nabiha akanialika kwao.

"Mama anataka kukuona. Usikatae, dada."

Kwao ni Kibokoni, ghorofani, ngazi za mbao zinazolia. Nilidhani ni chai. Nilipoingia nikakuta mkeka umetandikwa, sinia la mkate wa mofa, samaki wa kupaka, maandazi ya kila namna, na shangazi wawili wamejipamba kana kwamba kuna harusi. Sebule imefukizwa udi. Haya yote kwa ajili yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndoo, ndoo uketi hapa karibu yangu," akasema Bi Zakiya, mamake Nabiha, akanishika mkono hakuuachia. "U hali gani? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama." Nyumbani kwangu hakukuwa na mtu wa kuwa na jambo.

Nikawatazama. Mama anamwekea binti kitambaa mapajani asije akachafuka. Shangazi anamsifu. Mimi mamangu alikufa nikiwa darasa la sita. Nikajiuliza: huyu ana mama, ana shangazi, ana sura, ana Kiingereza, sasa na umeneja anautaka wa nini? Hawezi kuniachia hata hicho kimoja?

Tulipokwisha kunawa, Bi Zakiya akakohoa. "Nabiha. Haya."

Nabiha akainuka, akaja akapiga magoti mbele yangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu.

"Mwalimu wangu, kesho naingia kwenye mtihani. Ulichonifundisha nimekibeba. Naomba radhi zako."

Nyinyi wa mbali mtasema, si maneno tu hayo? Mtu wa pwani haniulizi swali hilo. Kwetu hata ujue kitabu kizima kwa moyo, mwalimu asipokupa radhi elimu yako haina baraka. Bibi yangu kule Kaloleni, asiyejua kusoma hata jina lake, alikuwa akisema hivyo hivyo juu ya waliomfundisha kusuka makuti.

"Alipohitimu Kurani chuoni alikwenda kwa mwalimu wake vivi hivi," Bi Zakiya akasema. "Na wewe ndiwe mwalimu wake wa pili. Mpe, mwanangu."

Kila mtu ananitazama.

Nilikuwa na nafasi, wasomaji. Mkoba ulikuwa hapo miguuni pangu na ukurasa wa kumi na nne umo ndani. Ningenyoosha mkono tu. Ningesema, Nabiha, kuna kitu nilisahau kukupa, na usiku ule ungemtosha kuusoma.

"Radhi nimekupa, mdogo wangu," nikasema. "Nenda ukashinde."

Akina shangazi wakapiga vigelegele. Bi Zakiya akanyanyua viganja, machozi yanamlengalenga.

"Yarabi, mlipe huyu mwanangu Mejumaa. Mlipe sawasawa na alivyomfundisha binti yangu. Usimpunguzie hata chembe."

"Amin," wakasema wote.

Mimi nikainama kuusogeza mkoba wangu.

"Itikia na wewe, mwanangu," akanisisitiza. "Dua ni yako."

"Amin," nikasema.

Niliondoka na doti ya leso mpya niliyozawadiwa. Maneno yaliyoandikwa juu yake sikuthubutu kuyasoma.

*

Mahojiano yalikuwa Kizingo, kwenye nyumba ya wageni ya kampuni, barazani viti vimepangwa. Nilitaka kuchelewa ili Nabiha awe ameshaondoka. Nikafika, nikamkuta pale pale, zile fotokopi amezikumbatia kifuani.

"Dada Mejumaa! Umekuja kunisindikiza!"

Akanikumbatia. Ananukia udi wa jana.

"Nabiha, mimi... mimi pia nimeitwa."

Akaniachia taratibu. Akatazama blauzi yangu mpya, viatu vyangu, faili mkononi. Nikajua anahesabu siku nilizomwambia mimi siombi. Nikangoja matusi. Ningeyapenda matusi.

"Alhamdulillahi," akasema mwishowe. "Basi ikiangukia kwako au kwangu, imebaki nyumbani."

Nilimchukia. Nililotubia nitalisema lote. Nilimchukia kwa sababu hata wema alinizidi.

Akaitwa kwanza. Nikakaa nikisikia sauti kupitia dirisha, maneno siyapati. Nusu saa. Kisha sauti ya mwanamke ikauliza kitu, na Nabiha hakujibu. Ikauliza tena. Akajibu kwa sauti ya chini.

Alipotoka alikuwa mweupe mdomoni, na mikono yake mitupu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Nimesema yote uliyonifundisha, dada." Akakaa kwenye kiti cha mwisho kabisa. "Wameniambia nisiondoke."

Nikaingia mimi.

*

Walikuwa wawili, wote wa Nairobi, hawanijui wala siwajui. Mwanamke jina lake Terry, miwani, hana mzaha. Kando yake kijana aitwaye Jeremy, kazi yake kuandika. Mezani mbele yao kulikuwa na bunda la karatasi limefunikwa kifudifudi.

Mahojiano yalikuwa ya Kiingereza, lakini nawapa kwa Kiswahili.

"Wewe ni kiongozi wa aina gani?" Terry akaniuliza.

Nikatiririka. Mimi husikiliza watu wangu. Mimi hukabidhi kazi. Mimi hukubali nikikosea. Kila nilichosema Terry aliitikia kwa kichwa, na Jeremy akaandika mbio. Nilijiona nimeshakaa kwenye kile kiti cha Kyalo, Dishon ameniletea chai ya kwanza.

"Vizuri sana," akasema Terry. "Na kulea wafanyakazi je? Tupe mfano wa mtu mmoja uliyemkuza wewe mwenyewe."

Hapo, jamani, hapo ndipo tamaa iliponitoa macho. Mfano mzuri kuliko wote nilikuwa nao, amekaa nje barazani.

"Nabiha," nikasema. "Huyo aliyetoka hapa. Alikuja hajui kitu, nikamlea mimi. Hata kwa mahojiano haya nimemfundisha mimi, wiki sita, kila siku saa saba. Ingawa tunagombea kiti kimoja, sikumnyima."

Jeremy akaacha kuandika.

Terry akavua miwani. "Umemfundisha wewe. Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Akavuta lile bunda, akalifunua. Fotokopi zangu.

"Binti yule alituingilia hapa kama askari jela," Terry akasema. "Hashauriani na mtu, aliyekosea anafukuzwa, kazi ya wafanyakazi ni kutii. Nilikuwa tayari kumtoa. Kisha nikamwambia, hebu nieleze siku moja kweli ya kazi. Akanieleza shehena ya dawa iliyokwama mwezi wa tatu, na jinsi alivyowakalisha madereva na makarani akawauliza wao wangefanyaje, na mzigo ukatoka siku ile ile. Huyo wa pili ndiye tunayemtafuta. Nikamuuliza, nani aliyekutuma uje na yule wa kwanza? Akakataa kusema. Nikamuuliza mara ya pili. Ananiambia kwao mwalimu hatajwi kwa ubaya."

Akanisogezea ukurasa mmoja. "Huu mwandiko pembeni ni wako?"

Bosi haombi msamaha. Ile herufi yangu ya b yenye tumbo kubwa, naiona inaniangalia.

"Mimi nilimfundisha maneno," nikasema. "Hayo ya pembeni siyajui."

"Huyajui."

"Siyajui."

"Na ukurasa wa kumi na nne uko wapi? Sote tunajua kijitabu hiki kina ukurasa wa kumi na nne."

Ulikuwa mkobani mwangu, juu ya magoti yangu. Nikaubana mkoba kwa viwiko.

"Labda aliupoteza yeye."

Terry akaivaa tena miwani yake. Akamwambia Jeremy, "Muite."

*

Nabiha akaingia, akasimama karibu na mlango.

"Nitasema mara moja," Terry akamwambia. "Naamini ulipotoshwa. Niambie mwandiko huu ni wa nani, nasi tutaanza mahojiano yako upya, sasa hivi, na hiyo kazi nina hakika utaipata. Usiposema, nitachukua kwamba maneno haya ni yako, nikuandike hufai. Na si hapa tu. Ripoti inakwenda Nairobi."

Nabiha akatazama zile karatasi. Kisha akanitazama mimi.

Hakunikasirikia. Ningejua la kufanya na hasira. Alikuwa ananingoja, vile vile alivyokuwa akiningoja kwenye chumba cha mafaili akikwama kwenye neno, akijua Dada Mejumaa yuko na atamsaidia. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe, ili yeye asinitaje.

"Tunasubiri," akasema Terry.

Saa ya ukutani inakwenda. Nje mtu anafagia majani.

Nilifikiri nini? Niwaambie ukweli, maana ndivyo tulivyoahidiana tangu sehemu ya kwanza. Sikufikiri juu ya Mungu. Nilifikiri kwamba nikisema ndiyo, kazi nimepoteza yote, ile ninayoitaka na ile niliyo nayo. Nilimwona Ronny akisikia habari, anamwambia Ashley, nilikwambia yule mwanamke ana roho mbaya. Nilimwona Nabiha kwenye kiti cha Kyalo. Na picha hiyo ya mwisho, wasomaji, ndiyo iliyonishinda nguvu.

"Ni mwandiko wake mwenyewe," nikasema.

Nabiha akafumba macho.

"Rudia," akasema Terry.

"Ni wa Nabiha. Naujua, nimefanya naye kazi miaka mitatu. Ana tabia hiyo ya ukali, watu hawamjui. Nilijaribu kumrekebisha, hakusikia. Na sasa ananitazama hivi ili mdhani ni mimi."

Jeremy akaandika. Nilisikia kalamu yake inavyokwaruza.

Nabiha akafumbua macho. Nilidhani atalia, au atapiga kelele, au ataniapiza kwa jina la mamake. Badala yake akaja mpaka mezani, akavuta kiti cha kando yangu, akakaa. Akajitengeneza mtandio wake. Katika miaka mitatu sikuwahi kumwona amekaa bila kukaribishwa.

"Bibi Terry," akasema kwa Kiingereza chake kile kizuri, "mwalimu wangu bado sitamtaja. Naomba karatasi tupu na kalamu."

Akapewa. Akainama, akaandika mstari mmoja wa yale ya pembeni, polepole, herufi zake ndogo zilizoinama kama makuti ya mnazi kwenye upepo. Terry akaichukua ile karatasi, akailinganisha na fotokopi, akairudisha mezani bila neno.

Nabiha akaisogeza mbele yangu. Akaiweka kalamu juu yake.

"Haya, Dada Mejumaa," akasema. "Nawe andika."